Sauti ya Mama na Mabati ya Gari Langu

Baba yangu aliimba besi na marehemu mama aliimba sauti ya kwanza. Walikutana kwenye kwaya ya kanisa huko kwetu Myamba, wakagombana kwenye kwaya, wakaoana, ugomvi wakauhamishia nyumbani. Na ulikuwa ugomvi wa jambo moja tu. Kuna wimbo wao wa Kwaresima ambao kwenye ubeti wa tatu kwaya nzima inanyamaza, mama anapanda peke yake. Hapo mama alikuwa anachelewa kuingia. Si sana, ni kama mtu anayesita mlangoni kabla ya kupiga hodi. Baba alimsema kwa hilo maisha yao yote. "Umechelewa tena." Mama naye, huku anakoroga makande: "Nyie ndio mna haraka. Mnawahi wapi?" Mimi nimekulia katikati ya maneno hayo, na wakati ule yalinichosha.

Mama alifariki miaka minne iliyopita. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja iliyorekodiwa kanisani zamani, nikaihamishia kwenye flashi kabla utepe haujakatika. Mwaka jana masikio ya baba yakaanza kufa. Nasema kufa kwa sababu ndivyo daktari alivyotuambia: mishipa ya masikio inakufa, kilichobaki ni cha miezi, dawa hakuna. Vifaa vya kuweka sikioni tulijaribu. Baba alivivaa siku mbili, akavirudisha kwenye boksi lake, akasema vinampigia miluzi kichwani.

Siku hiyo ya daktari nilikuwa namrudisha Myamba kwa gari langu. Ni gari dogo, kuukuu, lakini aliyeniuzia alikuwa mpenda muziki: lina spika kwenye milango yote minne na sabufa kubwa kwenye buti. Tulikuwa tumefunga vioo kwa sababu ya vumbi la barabara ya Kisiwani. Nikachomeka flashi bila kuwaza lolote, nikaongeza sauti mpaka mwisho, kwa hasira tu, hasira juu ya yule daktari aliyetuambia "poleni" huku anaandika. Baba alikuwa anatazama vichaka nje. Ghafla akageuka akanishika mkono.

"Mama yako huyo!"

Nikasimamisha gari pembeni. Tangu Pasaka alikuwa hajasikia mtu akiimba, na sasa uso wake wote ulikuwa umefunguka. Nikajua kilichotokea: sauti ikifungiwa ndani ya kigari kile na kumpiga kutoka pande zote, kitu kidogo kilikuwa bado kinapenya. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Kisha nikaona paji la uso linakunjamana.

"Kuna bati linalia," akasema. "Zima."

"Baba, vumilia kidogo, ni mlango tu huo unacheza."

"Zima! Siwezi kumsikiliza mama yako amechanganywa na mabati. Hilo bati likinyamaza, utaniita."

Akakunja mikono, akaangalia mbele. Wanatutania sisi Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Kwa baba yangu huo si utani. Nilimbembeleza mpaka Maore, nikambembeleza kwenye kona zote za kupanda mlima, hakugeuka. Ila alikuwa na haki, ndilo lililoniuma. Gari lile sauti ikipanda lilikuwa linatetemeka kuanzia kibati cha namba mpaka dari, na sikio lake lililochoka lilikuwa linakamata mabati kabla ya kumkamata mtu.

Basi nikarudi Same na jambo moja kichwani: baba amsikie mama, safi, mara moja tu, kabla masikio hayajafunga kabisa.

Mimi kazi yangu ni kushona. Nina kibanda pale mjini, nashona makava ya viti vya magari na masofa. Sponji ninayo, gundi ninayo, mkasi ninao. Nikadhani ni kazi ya siku mbili. Jirani yangu ni fundi wa redio za magari, mwanamume wa makamo mwenye maneno mengi. Nilipomweleza, alicheka.

"Dada, gari zima ni bati. Utaziba wapi?"

"Kote."

"Mteja akija na sofa lake?"

"Atakaa chini!"

Akaona sina mzaha, akanifundisha. Alinitumia kwenye simu mlio mmoja mzito unaoanzia chini kabisa na kupanda polepole. "Uache ulie," akasema. "Kila kinachotetemeka kiwekee kiganja. Kikinyamaza chini ya kiganja chako, ndicho mwizi wako." Nilizunguka na mlio ule kama mwendawazimu. Watu wa barabarani wakawa wanasimama kunitazama, mwanamke na nywele zake za mvi nimekumbatia buti la gari, nasikiliza kwa mbavu.

Wezi walikuwa wengi. Kibati cha namba nilikiwekea sponji nyuma. Jeki na spana za kwenye buti nikazifunga kwenye blanketi. Nikafungua makava ya milango, vibanio vyake nusu vilikuwa vimevunjika, nikavibadilisha vyote. Ndani ya milango nikabandika karatasi nzito za lami, zile wanazowekea kwenye mapaa, nikazipasha moto na kuzikandamiza kwa chupa ya soda mpaka vidole vikatoka malengelenge. Juu ya lami, mpira wa tyubu. Juu ya mpira, blanketi. Nyaya nikazizungushia vitambaa. Nikiua kelele moja, inaamka nyingine iliyokuwa imejificha chini yake. Kuna siku nilikaa chini kwenye mchanga, nikaegemea tairi, nikasema jamani, Mungu, mimi nimekukosea nini.

Kila Jumamosi nilimpigia shangazi, dada yake baba, ambaye anaishi naye. Sikumuuliza habari nyingine.

"Bado anamsikia jogoo?"

"Jogoo anamsikia. Mvua kwenye bati anaisikia. Mimi hanisikii, labda nipige kelele."

Jumamosi nyingine: "Jogoo amemwacha. Kengele ya kanisa bado." Nilikata simu nikarudi kwenye gari, sikunywa hata chai.

Mwishowe ikabaki kelele moja. Ile ndiyo nusura initoe roho. Ilikuwa ndogo, kama nzi aliyenaswa kwenye karatasi, na kwa mlio wa fundi haikutoka kabisa. Ilitoka sehemu moja tu: ubeti wa tatu, wengine wakishanyamaza, mama akipanda. Yaani pale pale! Nilirudisha wimbo nikarudisha, kichwa kinaniuma, kiganja kila mahali. Fundi alikuja akashindwa, akaniambia niiache, haimdhuru mtu. Nilimjibu vibaya, nikaja kumwomba radhi kesho yake. Siku ya tatu nikaipata. Kilikuwa kifuniko cha ashtrei, kile kidogo cha kuvuta kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha abiria. Hakuna anayevuta sigara kwetu, baba huwa anawekea humo njiti zake za meno. Kifuniko kile kilikuwa kinapuuza ngoma, kinapuuza besi, kinamjibu mama peke yake. Nikakata kipande cha kitambaa cha sofa, cha kijani, nikakishindilia pembeni yake. Nikacheza wimbo. Mama akaimba. Gari kimya. Nililia hadi nikasahau kufunga kibanda.

Sasa nisikilizeni kosa langu. Milango ya gari ina vitundu kwa chini. Mimi niliviona vinaingiza vumbi, na Same vumbi ndilo adui yetu. Mvua tunaitazama kwa mbali, imeikalia milima, sisi huku chini tunafagia mchanga. Kwa hiyo nilivibandika lami vyote, nikaona nimemaliza kazi kama mtu mwenye akili. Mimi! Mzaliwa wa Myamba, niliyekua natembea na gunia kichwani kwa sababu ya mvua! Miaka thelathini ya kukaa bondeni ilinisahaulisha kwamba vitundu vile si vya kuingizia vumbi, ni vya kutolea maji.

Niliondoka Same kwenye jua kali. Maore bado kukavu. Tulipoanza kupanda, mimi na gari langu, mvua ya vuli ikashuka, na haikushuka kwa utani. Ilipita kwenye mipira ya vioo, ikaingia milangoni, ikakosa pa kutokea. Kwenye kona nilianza kusikia maji yanacheza ndani ya milango, chubwi, chubwi, nikadhani ni mvua ya nje. Karibu na mashamba ya tangawizi nikanusa kitu kinaungua.

Nilipofika, baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Shangazi alishamwandikia kwenye karatasi kwamba bati limenyamaza, nakuja. Alitoka na mwavuli, akaingia kwenye gari taratibu, akajiweka sawa kitini, akafumba macho. Nikawasha.

Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Taa ya redio inawaka, spika hakuna hata moja inayopumua. Nikafungua mlango wangu, nikachomoa kava, maji yakanimwagikia miguuni kama nimepindua ndoo. Shoti ilikuwa imekula kila kitu, amplifaya na spika zote nne. Nikageuka kumwambia baba, nikamkuta bado amefumba macho, anasikiliza. Anasikiliza, jamani! Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akafumbua, akanitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

"Basi, mwanangu," akasema. "Yamekwisha."

"Hapana! Baba, hapana, ni gari! Gari limekufa, si masikio!" Nilikuwa nampigia kelele usoni. Nikamwonyesha maji. Nikachukua karatasi nikaandika GARI NDILO BOVU kwa herufi kubwa. Aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka mfuko wa koti. Niliona wazi kwamba haamini, anadhani namfariji. Akashuka, akaniambia niingie ndani nisije nikashikwa na homa. Usiniulize nilijisikiaje. Nilitaka ardhi ipasuke.

Nikashuka Same. Spika za aina ile zilibidi zitoke mbali, na zilipofika mlima ukawa umeporomokea barabara, wiki nzima, kisha nyingine. Milango nilishaitoboa upya, nikaikausha, nikabandika tena kila kitu, safari hii nikiacha vitundu. Gari lilikuwa tayari, limekaa linanitazama. Jumamosi nikapiga simu.

"Kengele?"

"Jana tumesimama naye chini ya mnara," shangazi akasema. "Imepigwa yote. Ameniuliza kama mpiga kengele anaumwa."

Nilikwenda hivyo hivyo. Sijui nilikuwa nafuata nini. Barabara ilipofunguliwa nilikuwa gari la kwanza kupita kwenye ule udongo, na njia nzima nilikuwa namtukana mtu, nikija kuangalia mtu mwenyewe ni mimi.

Nilimkuta uani, mchana kweupe. "Shikamoo, baba," nikasema kwa mazoea. Akatazama midomo yangu. "Marahaba." Hakuvaa koti safari hii. Nilimvuta mkono akaingia kwenye gari kwa kuniridhisha tu, nikawasha.

Ilitoka safi, jamani. Sijapata kusikia kitu safi namna ile. Nilisikia watu wa kwaya wakivuta pumzi, nikasikia benchi la kanisa likilia, nikasikia besi ya baba mwenyewe akiwa kijana. Hakuna skrubu iliyocheza. Baba alikuwa ananitazama mimi usoni, anasoma wimbo kwangu.

"Safi?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hakuna bati?"

Hakuna.

"Umefanya kazi nzuri. Asante, mwanangu." Akapapasa kitasa ashuke.

Hapo nilivunjika. Mtu mzima niliyekaribia miaka hamsini, nililia kama nimefiwa upya. Na mkono wa baba ukiwa pale kwenye mlango, nikakumbuka maneno ya fundi: kiwekee kiganja. Niliudaka mkono ule, nikaukandamiza kwenye kava, nikazungusha sauti mpaka mwisho. Nikamwuliza kwa macho. Akatikisa kichwa: hamna. Bila shaka hamna! Miezi mitatu nilikuwa naua kila kilichotaka kutetemeka, na nilikiua kweli.

Nilizunguka upande wake na mkasi na kisu. Nikang'oa kava lote. Blanketi nikalitupa uani, tyubu nikaitupa, lami nikaikwangua ikatoka na rangi na kucha zangu. Shangazi akatoka jikoni anakimbia.

"Umepagawa? Gari la watu!"

"La kwangu!" nikamjibu. "Shika hiki!" Akashika kipande cha blanketi.

Nilipomaliza, mlango ulikuwa bati tupu, na ule wimbo ulipoanza ukatetemeka mpaka kioo kikalia. Kelele yake ilikuwa mbaya, kuku wakakimbia. Nikaweka kiganja cha baba katikati ya bati.

Alishtuka. Akakitoa, akakitazama, akakirudisha. Akaweka na cha pili. Midomo ikaanza kucheza, kisha sauti ikatoka, nzito, haikuwa kwenye tuni hata kidogo, sauti ya mtu asiyejisikia, lakini kila pigo liliangukia mahali pake. Aliimba besi yake ubeti wa kwanza wote. Akaimba wa pili. Shangazi alikuwa amekaa chini na blanketi lake.

Mimi nikapanda upande wa dereva, nikachomoa kile kitambaa cha kijani kwenye ashtrei. Nikamwinulia baba vidole vitatu. Ubeti wa tatu.

Kwaya ikanyamaza. Bati likatulia chini ya viganja vyake, akanitazama kwa hofu. "Yuko wapi?" Sauti ya mama haina uzito wa kutikisa mlango, nilijua hivyo. Nikachukua kidole chake cha shahada, nikakiweka juu ya kifuniko cha ashtrei, nikakishikilia pale. Hakuna kitu. Nilihisi kidole chake kinatetemeka chenyewe kwa uzee. Bado hakuna kitu.

Kisha kifuniko kikaanza kulia.

Baba akafumba macho. Hakusogeza kidole.

"Umechelewa tena," akamwambia.